Lango Lisilo na Kijia cha Pembeni

Kabla Wadachi hawajajenga ukuta ufukweni mwa Ziwa Nyasa, hapakuwa na njia katika nchi ya Wanyakyusa isiyokuwa na kijia chake cha pembeni. Ukitoka Matema kufuata mchanga mpaka mdomo wa mto Mbaka, au ukikata migombani kupanda Selya, kila mara uliona majani yamelazwa upande mmoja, mahali pa kuchepukia. Mgeni alidhani ni njia za mbuzi. Hazikuwa za mbuzi. Zilikuwa za wake za watu.

Maana mwanamke wa Kinyakyusa hakukutana na baba wa mumewe. Hakumtazama, hakusema naye, hakula mbele yake, na jina lake hakulitamka hata akiwa peke yake shambani. Akimwona kwa mbali alijifunika nguo kichwani akachepuka. Mzee naye, kama alikuwa mtu wa heshima, alikohoa mapema ili asimfumanie mkaza mwana wake njiani. Jambo hilo liliitwa ukutila, yaani kuogopa, ingawa halikuwa woga wa kumwogopa chui. Ilikuwa adabu, na njia zenyewe zilichongwa kwa kuifuata adabu hiyo. Leo vijana wakielezwa hucheka. Basi wacheke.

Ukuta wa Wadachi haukuwa na pembeni. Ulikuwa wa mawe chini na matofali ya kuchoma juu, kimo cha watu wawili waliosimamiana mabegani, na matundu membamba ya kutolea bunduki. Ulikuwa na malango mawili. Lango la ziwa lilifunguliwa meli ya serikali ilipotia nanga tu. Lango la nchi kavu ndilo lililopitwa na kila mtu: askari, wapagazi, wafungwa, wauza kuku, na wake wa wote hao. Lilikuwa la mbao nene za mvule zilizopigiliwa misumari yenye vichwa kama uyoga, na upana wake ng'ombe wawili wasingepita sambamba. Nje yake palikuwa na duka la Mhindi, vibanda vya wapagazi, na uwanja ambapo wanawake wa Kikisi waliuza vyungu. Mji huo mdogo watu waliuita Ukutani.

Bawabu wa lango hilo alikuwa Mwasomola.

Hakuwa amezaliwa kwa kazi ya kufungua na kufunga. Alizaliwa katika kijiji ambacho nyumba zake za mianzi zilisimama wazi, uwanja umefagiwa mpaka kuku wanaona haya kuuchafua, na ng'ombe wakilala ndani pamoja na wenyewe. Alikuwa mtu wa ng'ombe. Kisha ikaja sotoka. Ng'ombe walikufa wakiwa wamesimama, machozi yakiwatoka kama watu, na tai wakashiba mpaka hawakuweza kuruka. Mwasomola alibaki na zizi, kamba, na kibuyu cha maziwa kilichonuka uchachu kwa muda kisha kikaacha kunuka. Wadachi walipokuja kutafuta watu wa kubeba mawe, walimkuta amekaa mlangoni kwake hana la kufanya. Mawe yalipasuliwa chini ya milima ya Livingstone, upande wa Ikombe, yakaletwa kwa mitumbwi, na kutoka mtumbwini yakapanda juu ya mabega ya watu. Bega la kushoto la Mwasomola lilishuka likabaki hivyo. Ukuta ulipokwisha, wakubwa wakaona ni mtu mkimya asiyelewa pombe. Wakampa fimbo, kofia nyekundu na komeo.

Alifanya kazi ile miaka mingi na aliichoka mwaka wa kwanza. Alikuwa akifungua asubuhi, anasimama, anafunga jioni. Watu wa kwao walipompita walimwamkia kwa sauti ya chini, kama wanavyomwamkia mgonjwa.

Mkewe alikufa wakati wa mvua za masika. Mwanawe wa pekee aliyebaki karibu, Nsajigwa, alikuwa kwenye mawe kule Ikombe, maana ukuta ulikuwa unaongezwa upande wa ghala. Mwasomola aliomba ruhusa kwenda kuzika, akapewa. Nsajigwa aliomba, akanyimwa. Basi alipanda mtumbwi wa Mkisi mmoja, akaenda, akamzika mama yake. Aliingia kaburini, akaupokea mwili kwa mikono yake, akatupa udongo, akarudi mwenyewe kazini macho yamevimba. Walimsubiri na mnyororo. Mtoro ni mtoro, walisema, hata akirudi. Wakamfunga shingoni pamoja na wenzake, akaingizwa ndani ya ukuta kupitia lango alilolinda baba yake. Mwasomola alilifungua. Angefanyaje?

Wafungwa walipewa uji wa mahindi yenye fukusi. Aliyekuwa na jamaa karibu aliruhusiwa kuletewa chakula, lakini na mtu mmoja tu, tena anayejulikana, aliyevikwa kibati cha shaba shingoni. Kwa Nsajigwa, kibati alipewa mkewe, Tulinagwe.

Tulinagwe alikuwa amebatizwa na wamisheni. Kule walimwambia kwamba kumkimbia baba mkwe ni mambo ya gizani, na kwamba Mkristo humpa mkono kila mtu. Alisikiliza, akaimba nyimbo zao kwa sauti nzuri, akarudi nyumbani akaendelea kuchepuka. Tangu mama mkwe alipokufa ndiye aliyempikia Mwasomola. Aliweka chungu kizingitini mzee akiwa kazini, akaja kukichukua kesho yake mzee akiwa kazini. Katika miaka sita ya ndoa ile Mwasomola hakuwahi kuuona uso wa mkaza mwana wake. Alimjua kwa mkono wake wa chumvi, na kwa hatua zake, maana mguu mmoja aliukanyagia zaidi kuliko mwingine.

Langoni walipata namna. Tulinagwe alisimama kwenye pembe ya duka la Mhindi akakohoa. Mwasomola akageuka kuutazama ukuta. Tulinagwe akajifunika khanga, akapita upesi na kikapu chake. Akitoka, ilikuwa hivyo hivyo. Watu wa nchi waliona, wakanyamaza, wakaona ni sawa.

Asiyeona ni sawa alikuwa Shaushi Farajala, mkubwa wa askari wa langoni, Msudani mrefu aliyezeekea vitani kwa watu wengine.

"Wewe bawabu," alimwambia siku moja, "mbona kila siku unautazama ukuta kama umeuposa?"

"Macho yananiuma, Shaushi."

"Yanakuuma akipita mwanamke mmoja tu? Basi huyo ni jua."

Askari walicheka. Mwasomola naye akatabasamu kidogo, kwa sababu mtu aliyechoka hutabasamu ili aachwe.

Hali ingeendelea hivyo mpaka kifungo kiishe. Lakini mfungwa mmoja aliletewa tupa ndani ya ugali, akakata mnyororo, akatokomea ziwani. Bwana mkubwa alikasirika mpaka shingo ikawa rangi ya tofali. Siku hiyo hiyo ikatoka amri: bawabu afungue kila kikapu kwa mikono yake. Kila anayeingia amtazame usoni. Amuulize jina la mfungwa wake pamoja na jina la baba wa mfungwa, na mtu ajibu kwa sauti, shaushi akisikia. Asiyejibu arudi na chakula chake.

Mwasomola aliisikiliza amri ikitafsiriwa. Mfungwa wa Tulinagwe ni nani? Nsajigwa. Mwana wa nani?

Asubuhi iliyofuata kikohozi kilisikika penye pembe ya duka. Mwasomola, kwa mazoea ya mwili, akageuka ukutani. Shaushi Farajala akamshika bega lile bovu akamgeuza.

"Mbele! Tazama mbele!"

Tulinagwe alikuwa ameshakaribia. Alipoona kofia nyekundu inamgeukia aliachia kikapu, akakimbilia kwenye matete ya ufukweni kama mtu aliyekanyaga nyuki. Ndizi za kupondwa zilimwagika mchangani. Kuku wa Mhindi wakafika kabla ya mtu yeyote.

"Huyo ana tupa!" alipiga kelele askari mmoja.

"Hana tupa," alisema Mwasomola. "Ni mke wa mwanangu."

"Kama ni mke wa mwanao anakimbia nini? Ulimfanya nini?"

Kuna maneno ambayo ukiyaeleza kwa asiyeyajua yanakuwa machafu mdomoni mwako.

Siku ya pili Tulinagwe alikuja, akasimama kwenye pembe, hakukohoa. Alisimama mpaka jua likawa kali, kisha kikapu kikarudi kilivyokuja. Siku hiyo Rut, Mkisi muuza vyungu kutoka Ikombe, aliingia ndani kuwapelekea wake za askari vyungu vyao. Alipotoka alitua mzigo mbele ya Mwasomola. Rut alikuwa na mdomo usio na komeo, lakini moyo wake ulikuwa mzuri.

"Bawabu," alisema, "nimemwona mwanao kule uani. Uji ule unamharisha damu. Wenzake wakisimama, naye husimama kwa sababu mnyororo unamvuta."

"Nimesikia."

"Umesikia! Na chakula kinakuja kila siku kinasimama pale kwa Mhindi kama mgeni asiyejua mlango. Ninyi Wanyakyusa bwana! Mkwe akipiga chafya, mnahama nchi."

"Na ninyi je? Kwenu mwanamke humpakata baba wa mumewe?"

"Kwetu tuna heshima pia," alisema Rut, "lakini kwetu hatujajenga lango. Ningekibeba mimi, sina kibati. Nitafanya nini, nimtie yule mwanamke ndani ya chungu?"

Jioni, kabla ya kufunga, Mwasomola alimwendea Shaushi Farajala. Alimkuta amekaa juu ya kasha la risasi akijikanda magoti kwa mafuta.

"Shaushi, nina ombi. Mwanamke mmoja tu. Akaguliwe na askari yeyote, mimi nikae nyuma ya ubao wa lango."

"Yule wa jua?"

"Huyo."

Farajala alijikanda muda. "Kwetu pia mkwe ana heshima yake," alisema. "Mama mkwe wangu sijala mbele yake mpaka leo, na sidhani kama yu hai. Lakini bwana mkubwa anakunywa kahawa pale barazani, analitazama lango hili kama paka. Amesema bawabu. Hakusema askari. Nikibadilisha, kesho mimi ndiye ninayelazwa juu ya pipa kuchapwa viboko. Magoti yenyewe haya hayaamki tena."

"Basi mwanangu anakufa."

"Wengi wamekufa, mzee. Mwambie mwanamke apite. Kumwona mtu uso si kumla."

Hakusema kwa ukatili. Hilo ndilo lililomchosha Mwasomola zaidi: hapakuwa na mtu wa kumkasirikia. Alikwenda nyumbani akakuta chungu kizingitini, kimefunikwa jani la mgomba, bado kina joto. Kwa hiyo Tulinagwe hakuwa ameacha kumpikia. Mwasomola alikaa karibu na chungu kile asiweze kukigusa. Alipokuwa kijana, kama mtu alikutana uso kwa uso na mkaza mwana wake hata kwa bahati mbaya, wazee waliitwa, ng'ombe akachinjwa, wakala pamoja wakaomba, na jambo likafungwa. Usipochinja, watu walijua kinachofuata: mwanamke hazai tena, au mtoto anakauka, au mzee mwenyewe anavimba miguu. Ng'ombe wako wapi?

Asubuhi alipofungua lango alimwita Rut, aliyekuwa akipanga vyungu uwanjani.

"Mpelekee maneno mke wa Nsajigwa. Mwambie apite. Mwambie nimesema mimi, na ubaya wake uwe juu yangu."

Rut alikwenda, akarudi bila kucheka.

"Amesema: mwambie yule asiyetajwa, nitakuja. Lakini asitazame chini. Akitazama chini, mimi nitakimbia tena."

Akaja. Hakukohoa. Alitoka kwenye pembe ya duka akakata uwanja katikati, khanga ikiwa mabegani badala ya kichwani, na watu wa nchi waliokuwa pale wakaelewa kinachotaka kutokea kabla hakijatokea. Bibi mmoja aliyeketi na maboga yake aliinuka akageuka upande wa ziwa. Wanaume wawili waliokuwa wamebeba chumvi walisimama, wakainamisha vichwa. Askari hawakuona chochote. Kwao alikuwa mwanamke na kikapu.

Mwasomola alitazama. Aliuona uso mpana, mweusi wa kung'aa, kovu dogo juu ya nyusi, na macho yaliyozungukwa na weusi wa kukosa usingizi. Hakuwa msichana. Sijui kwa nini, katika fikra zake miaka yote, mwanamke yule alikuwa amebaki bibi arusi. Hapa palisimama mtu mzima aliyechoka kama yeye.

"Mugonile, tata," alisema Tulinagwe. Umelalaje, baba.

"Nimelala," alijibu Mwasomola, na halikuwa kweli. Kisha, kwa kuwa Shaushi alikuwa ananyoosha shingo, akauliza kwa Kiswahili, kwa sauti ya kazini: "Mfungwa wako nani?"

"Nsajigwa."

"Mwana wa nani?"

Midomo ya Tulinagwe ilifunguka ikafungwa. Ilifunguka tena. Ilikuwa kama anatafuna kitu kigumu.

"Wa Mwasomola," alisema.

Yule bibi wa maboga alitoa sauti ndogo ya pumzi. Mwasomola alilisikia jina lake, likampita kama maji ya baridi. Aliinama akafungua kikapu. Ndani mlikuwa na ndizi zilizopondwa na kipande cha samaki mbasa wa kuchoma. Aliigawa ndizi kwa vidole kutafuta tupa isiyokuwemo.

"Pita, mwanangu," alisema.

"Unaona?" alisema Farajala. "Jua halijaunguza mtu."

Tulinagwe hakukawia. Alitoka na kikapu kile kile, na kilikuwa kizito. Hakujifunika. Alisimama mbele ya Mwasomola akakiweka chini miguuni pake.

"Hali," alisema.

"Ameshindwa kula?"

"Amekataa. Nimemwambia nilivyopita. Asingesikia kwangu, angesikia kwa wale wanaofagia uwanja. Amesema chakula kilichopita kwenye aibu ya baba yake hakitashuka kooni. Amesema, 'Mlipoona sijafa kwa njaa, mkaona nife kwa haya.'" Alifuta pua kwa nyuma ya mkono. "Tata, damu inamtoka mpaka kwenye visigino."

Hapo kazi ya bawabu ilikuwa moja: kumwambia mwanamke aende nyumbani, kisha aite anayefuata. Sheria ya kwanza ya lango ilijulikana na wote, maana waliitangaza kila mwezi: bawabu asiondoke langoni likiwa wazi. Mwasomola aliinama akachukua kikapu. Aliivua ile kofia nyekundu, akaiweka juu ya komeo. Akaingia ndani.

"Wewe!" Farajala alimwita. "Bawabu! Unakwenda wapi? Lango!"

Hakugeuka. Aliupita ua wa ghala, akazipita nyumba za askari ambapo wanawake waliacha kutwanga wamtazame. Wafungwa walikuwa wamekaa kivulini mwa ukuta mpya, safu moja, mnyororo ukipita shingo hadi shingo. Nsajigwa alikuwa wa tatu. Alikuwa mtu mwenye mabega. Sasa mabega yalikuwa kama kiunzi cha kukaushia samaki.

Mwasomola alikaa chini mbele yake. Wenzake wa mnyororo, ambao hawakuweza kusogea, walitazama pembeni ili wawape nafasi.

"Kula," alisema.

"Sili, tata."

"Mimi ndiye niliyemtazama. Yeye alitazamwa tu. Kula."

"Alilitaja jina lako. Mbele ya watu."

"Alilitaja. Nililisikia. Bado ninalo."

"Nani atachinja?" Nsajigwa aliuliza, na sauti yake ilikuwa ya mtu wa zamani sana. "Ukimtazama mke wangu, ng'ombe achinjwe. Ndivyo ulivyonifundisha wewe mwenyewe. Yuko wapi? Nikila leo kabla hajachinjwa, nakula nini? Nakula tumbo la mke wangu. Tunataka watoto, tata."

Mwanawe alikuwa na haki, na haki hiyo alimpa yeye mwenyewe, kidogo kidogo, jioni nyingi, wakiwa zizini. Nyuma yake alisikia buti za askari zikija mbio na mtu akipiga kelele kwamba lango liko wazi.

"Sikia," alisema upesi. "Ng'ombe wangu waliliwa na sotoka, unajua. Sina hata mbuzi. Lakini nimeacha lango wazi, na bwana ameona. Unajua watakachonifanya. Viboko hamsa ishirini, juu ya pipa, mbele ya watu. Damu itatoka. Mgongo huu ndio ng'ombe wako. Ninauchinja mimi, kwa ajili ya mkeo na tumbo lake. Umesikia? Nimeshausema. Haurudi zizini."

Nsajigwa alimtazama. Mtu wa nne katika mnyororo, mzee mmoja wa Bujonde asiyejulikana kwa maneno, alisema bila kugeuza kichwa, "Mgongo umetajwa mbele yetu. Tumeshuhudia."

Buti zilifika. Mkono ukamkamata Mwasomola nyuma ya shingo ukamwinua. Alikuwa bado ameshika kikapu, akakisukuma kwenye magoti ya mwanawe.

"Kula nione," alisema.

Nsajigwa aliingiza vidole kwenye ndizi. Akatia mdomoni. Alitafuna akilia, makamasi yakimchuruzika, mnyororo ukigongana kila alipomeza. Mwasomola alimwona akimeza tonge la kwanza na la pili, kisha wakamkokota.

Ilifanyika pale pale langoni, ili wanaoingia na wanaotoka waone. Walileta pipa tupu la mafuta. Farajala alisimama pembeni akihesabu kwa lugha ya kwao, na kama alihesabu haraka kuliko sheria, bwana mkubwa hakujua lugha ile. Mwasomola alikuwa amesikia viboko vya wengine miaka mingi, akidhani anavijua. Hakuvijua. Katikati alianza kusema kitu, na askari walidhani anaomba huruma, maana hawakujua Kinyakyusa. Alikuwa akiwaita baba zake waliokufa, mmoja baada ya mwingine, kama mtu anavyowaita anapomchinja ng'ombe, ili waje wapokee.

Walimfukuza kazi siku hiyo. Rut na wale wanaume wa chumvi walimbeba mpaka nyumbani. Langoni akawekwa mtu wa Karonga asiyekuwa na mkwe katika nchi ile.

Nsajigwa alipona polepole, kwa ndizi na mbasa, akatumikia kifungo chake chote. Alipotoka mpunga ulikuwa umevunwa, na mambo Ukutani yalikuwa yameshabadilika. Wanawake wengine walikuwa wameona. Mmoja alipita mbele ya mkwewe aliyekuwa mpagazi wa ghala, akasema hakuna njia nyingine. Wa pili akapita. Wa tatu hakuona haja hata ya kusema. Walitaja majina ya baba wakwe zao pale langoni kama watu wanaohesabu maharage, na hakuna aliyechinja kuku. Mwasomola aliyasikia haya akiwa amelala kifudifudi, akiletewa na Rut pamoja na chungu kipya.

"Umefungua lango, mzee," Rut alimtania.

"Sikulifungua mimi," alisema. "Mimi nililikuta."

Basi Nsajigwa aliwaita wazee waamue kama mgongo ule umelipa badala ya ng'ombe. Walikaa katika zizi tupu la Mwasomola, kwa sababu ndipo mambo ya namna hiyo yalipokuwa yakikatwa. Mkubwa wao alikuwa Angetile, mzee mwenye kikohozi, aliyekuwa rika la Mwasomola tangu walipochunga pamoja.

"Ng'ombe ni ng'ombe," alisema mmoja wa wazee. "Ana nyama. Tunakula pamoja, ndipo inaisha. Sasa tule nini hapa? Mgongo?"

"Wewe unawaza tumbo lako," alisema mwingine.

"Nawaza sheria. Leo tukikubali mgongo, kesho mtu ataleta jino lililong'oka, atasema ni fahali."

"Ng'ombe akichinjwa hufa," alisema wa tatu. "Huyu yuko hai, anapiga miayo."

Kweli Mwasomola alikuwa anapiga miayo. Alikuwa amechoka, na maneno yalimjia kutoka mbali. Angetile alimwomba avue nguo. Akavua, akageuka. Hapo wazee waliacha kubishana. Mgongo ulikuwa umepona kwa matuta, kama shamba la viazi lililolimwa na mlevi. Angetile aliinuka, akaweka kiganja chake juu yake, akakiacha hapo muda mrefu huku akikohoa.

"Damu ilishuka chini?" aliuliza.

"Ilishuka," alisema Nsajigwa. "Wameniambia waliokuwepo."

"Ulisema kabla, au baada?"

"Nilisema kabla," alijibu Mwasomola. "Mtu wa Bujonde alisikia."

Angetile alikaa. "Imepokelewa," alisema. "Mnaotaka nyama, mkatafute nyama. Deni la macho limelipwa. Mwanamke hana neno, mtoto atakayemzaa hana neno."

"Kwa hiyo sasa wanaruhusiwa kuonana?" aliuliza yule mzee wa sheria. "Maana Ukutani sasa wanaonana tu."

"Kwa nini waonane?" Angetile alishangaa. "Nimesema limelipwa. Likilipwa, kila kitu kinarudi mahali pake. Kama hakikurudi, basi mzee huyu alilipa nini?"

Tulinagwe alikuwa nyuma ya nyumba akipepeta mpunga, na aliyasikia yote. Ungo ulinyamaza. Mwasomola hakuinua kichwa, lakini alisikia khanga ikipigwa kichwani, kisha hatua zile, mguu mmoja ukikanyaga zaidi ya mwenziwe, zikiingia migombani mpaka majani yakazifunika.

"Ndaga, baba," Nsajigwa aliwashukuru wazee.

Mwasomola alijaribu kuegemea nguzo ya zizi, akasahau mgongo, akajiondoa haraka. Alikaa wima, mikono juu ya magoti, akitazama chini inavyotakiwa.

"Nyumba hii haina hata pombe?" aliuliza Angetile.

Haikuwa nayo. Wazee wakaanza kuinuka mmoja mmoja, wakishikilia magoti.